Kiongozi, Ujue Upungufu Wako

Leo nataka tuzungumze habari ya uongozi. Tafadhali usigeuze ukurasa ukisema, "Mimi si kiongozi, hayo hayanihusu." Baba wa nyumba ni kiongozi. Mama ni kiongozi. Kaka anayebaki na wadogo zake wazazi wakiwa shambani ni kiongozi, na yule anayetunza ufunguo wa sanduku la kikundi ni kiongozi vilevile. Basi tulia, tuendelee pamoja mpaka mwisho.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alifika ofisini kwangu parokiani asubuhi sana, kabla sijafungua madirisha. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaketi kwenye benchi akanyamaza. Nilidhani ana habari ya msiba, au anataka cheti cha ubatizo cha mtoto, maana hayo ndiyo yanayowaleta watu mapema. Kumbe sivyo.

"Nimekuja uniandikie barua," akasema. "Wamenichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Niandikie kwamba nashukuru sana, lakini siwezi."

Nikamwuliza sababu. Kwanza akatazama mlangoni kuona kama yupo mtu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kusoma kwangu ni kwa shida. Niliishia darasa la nne. Herufi nazijua, lakini ukurasa mmoja hunichukua kutwa. Siku watakaponipa karatasi niisome mbele ya watu, uso wangu nitauweka wapi?"

Mama huyu namfahamu. Mwaka ule pampu ya kisima ilipoharibika, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya michango. Kila nyumba iliyotoa alitia punje moja ya harage ndani ya kibuyu, na siku ya hesabu fedha zililingana na maharage, haikupungua hata shilingi. Ndiyo maana watu walimchagua. Lakini yeye hakuona kibuyu chake. Aliona karatasi tu.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na barua ya namna hiyo ni kazi ya dakika tano. Sikuiandika. Nilimwambia, "Mama, subiri kidogo. Kabla sijaandika ya kwako, nikueleze ya kwangu." Na hayo niliyomweleza ndiyo nitakayowaeleza na ninyi, ingawa sifurahii kuyasema.

Mimi ni msahaulifu. Tangu utoto nilitumwa chumvi nikarudi na kiberiti. Chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu, niliweza kuandika andalio zuri la somo, kisha nikaliacha bwenini. Watu wa kijijini hawakuyajua hayo. Waliona kijana aliyetoka chuo, mwenye mwandiko mzuri, wakanifanya katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nami sikuwaambia neno. Niliona haya kusema, na tena cheo kilinipendeza.

Kikundi chetu kina watu 25. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Angalieni jambo hili: fedha tulizifungia kwa kufuli tatu, lakini kichwa cha katibu hakikuwa na kufuli hata moja. Mtu aliweza kukutana nami njiani akanipa marejesho ya mkopo wake, nikayapokea na kusema, "Haya, nitaandika nikifika nyumbani."

Miaka sita iliyopita mama mmoja mjane alinipa shilingi 20,000 njiani tukitoka sokoni. Nikazitia katika bahasha, nikaandika jina lake juu yake, nikaiweka mfukoni. Siku ya mkutano ilipofika, daftari halikuwa na jina lake. Akasema, "Nimelipa." Nikamwuliza, "Umemlipa nani?" Akasema, "Wewe." Sikukumbuka kabisa. Badala ya kusema kwamba sikumbuki, nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mama, daftari halisemi uongo."

Watu wakaguna. Akatozwa faini ya kuchelewa juu ya deni lenyewe. Hakubisha tena. Alifunga kanga yake kiunoni akaondoka. Juma lililofuata akauza mbuzi, akalipa mara ya pili.

Baada ya majuma matatu nilivaa koti ambalo huwa nalivaa mara chache, nikatia mkono mfukoni, nikaikuta bahasha. Fedha zilikuwemo zote, na jina la yule mama juu yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Siku mbili sikupata usingizi. Nilifanya shauri nimrudishie usiku, kimya kimya, nimwombe asimwambie mtu. Nilimweleza mke wangu shauri hilo. Akanitazama akasema, "Ulimwaibisha mchana, utamrudishia usiku?" Sikuwa na jibu.

Basi katika mkutano uliofuata nilisimama nikasema yote: bahasha, koti, na usahaulifu niliouficha tangu siku ya kuchaguliwa. Nilirudisha fedha zake na faini, na bei ya mbuzi nikatoa mfukoni mwangu. Yule mama alizipokea, akazihesabu, akasema neno moja tu: "Mbuzi wangu alikuwa na mimba." Hilo sikuwa na fedha ya kulilipa, na mpaka leo nalikumbuka. Katika yote niliyopata kuyasahau, hilo halimo.

Wengine walitaka ninyang'anywe daftari, na hawakukosa haki. Baada ya maneno mengi mzee mmoja akasema, "Tukimtoa huyu tutaleta mwingine, naye atakuwa na lake ambalo hatulijui. La huyu sasa tunalijua. Tuliwekee mlinzi." Zikatungwa kanuni tatu. Ya kwanza, fedha isipokewe njiani, hata awe nani. Ya pili, iandikwe mbele ya macho ya mlipaji, kisha isomwe kwa sauti na wote wasikie. Ya tatu, awepo msaidizi mwenye daftari lake, na madaftari mawili yalinganishwe kabla watu hawajatawanyika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimejifunza kwamba hata lenye daftari hupotea, kama daftari ni la mtu mmoja.

Je, usahaulifu wangu umekwisha? La, juzi tu nimesahau mwavuli mahali, na mpaka leo sijui ni wapi. Lakini kwa miaka sita hii hakuna mtu aliyelipa mara mbili. Tena fikirini: kama katibu angekuwa mwenye kumbukumbu njema, angeendelea kupokea fedha njiani, na kila mtu angemsifu. Siku akiugua, au akihama, hesabu zote zingeondoka naye kichwani mwake. Kikundi kimepata utaratibu imara kwa sababu katibu wake ni dhaifu, na udhaifu wake umejulikana. Ndivyo upungufu wa mtu mmoja unavyoweza kuwa boma la watu wengi.

Jambo hili si geni. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Musa. Alipotumwa kwa Farao alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumbadilishia ulimi. Alimpa Haruni ndugu yake awe msemaji wake. Baadaye, watu walipopigana na Waamaleki, mikono ya Musa ilichoka, Haruni na Huri wakaishikilia mpaka jua likachwa. Kisha mkwewe Yethro alimwona akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa akasikia. Angalieni basi: ulimi mzito, mikono iliyochoka, kazi iliyomshinda mtu mmoja. Kila mara upungufu wa Musa ulifungua mlango kwa mtu mwingine kuingia kazini. Kama angekuwa na nguvu za kutosha kwa yote, watu wale wangebaki watazamaji.

Labda utasema hayo ni ya zamani sana. Haya, wazee waliokua wakati wa ukoloni watakumbuka sarafu zilizokuwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mfalme huyo alizaliwa mwaka 1895, na tangu utoto alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1925, kabla hajawa mfalme, alitakiwa kutoa hotuba huko Wembley, London, mbele ya umati mkubwa, na maneno yakamkwama vibaya. Angeweza kujificha. Lakini mwaka 1926 alimwendea mtu mmoja wa Australia, Lionel Logue, ambaye hakuwa daktari, akakubali kufundishwa kupumua na kusema kama mtoto wa shule. Mwaka 1936 kaka yake akakiacha kiti cha ufalme, naye akawa mfalme bila kutazamia. Tarehe 3 Septemba 1939, Uingereza ilipoingia vitani, ilimpasa kusema na watu wake kwa redio. Alisema polepole, akipumzika hapa na pale, na Logue akiwa pamoja naye chumbani. Kigugumizi hakikuwa kimekwisha. Lakini mtu alipomsikia mfalme akishindana na kila neno, naye akaendelea mpaka mwisho, alijua kwamba hata yeye aweza kushindana na lake.

Na hapa kwetu Tanzania tunaye Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1972 serikali za mitaa ziliondolewa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya. Sheria za kuvirudisha zilikuwa zimekwisha kutungwa mwaka 1982. Je, heshima yake ilipungua kwa kusema hivyo? Wangapi leo wanamtaja kwa dharau kwa sababu alikiri kosa? Kiongozi asiyekosea hayupo, ila yupo asiyekiri, na huyo kosa lake halitengenezeki, maana hakuna anayeruhusiwa kulitaja.

Hapa lazima niseme neno moja ili nisieleweke vibaya. Upungufu ni kitu kimoja, na uovu ni kitu kingine. Usahaulifu, woga, kigugumizi, kusoma kwa shida, haraka ya kusema, upole unaomfanya mtu ashindwe kukataa, hayo ni mapungufu. Yanaweza kuwekewa mlinzi yakazaa mema. Lakini mtu anayekula fedha za kikundi asije akasema, "Huo ni udhaifu wangu, nivumilieni, utageuka nguvu." La. Huyo aache kwanza, arudishe alichochukua, na sanduku akabidhiwe mwingine. Na anayewapiga watoto wake akiwa amelewa asiite hiyo hasira ya kuzaliwa. Aache pombe.

Tena, kukiri upungufu si kuutolea udhuru. Mtu mwingine husema, "Ninyi mwanijua, mimi ni mkali," kisha anaendelea kuwatukana watu kila siku, kana kwamba kujulikana kumempa ruhusa. Huyo ameutaja udhaifu wake, lakini hakuuwekea mlinzi, na jirani zake ndio wanaougharimia.

Basi tufanyeje? Nayasema kwa ufupi, kama mwalimu anavyoandika ubaoni mwisho wa somo.

Kwanza, ulijue lako. Usiwaulize wanaokuogopa, maana watakusifu. Mwulize mke wako, au mume wako, au rafiki wa zamani: "Ni jambo gani langu linalowapa watu taabu?" Kisha nyamaza usikilize, usijitetee. Nyani haoni kundule, lakini wenzake wanaliona.

Pili, litaje kwa watu unaowaongoza, kabla halijamwumiza mtu. Mimi nililitaja baada ya kumwumiza mjane, na mbuzi alikuwa amekwisha kuuzwa. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Tatu, liwekee mlinzi unayeweza kumwona kwa macho. Ahadi ya "nitajitahidi" si mlinzi. Kama wewe ni mwepesi wa hasira, weka kanuni kwamba shauri halikatwi siku ile ile lililoletwa. Lilale usiku mmoja. Utashangaa kuona kwamba watu watakuja kukuita mwamuzi mwenye busara, kumbe ni hasira yako iliyokulazimisha kungoja. Kama huwezi kumkataa mtu usoni, tangaza kwamba kila ombi huamuliwa na kamati nzima. Kama huna ufasaha wa maneno, mpe mwenzako asimame aseme, nawe usikilize. Na msikilizaji mzuri ni adimu kuliko msemaji.

Nne, mlinzi huyo mheshimu hata siku anapokuudhi. Msaidizi wangu mwenye daftari la pili ni binti mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi. Mara nyingine hunisimamisha mbele ya watu akisema, "Karani, hiyo si 7,000, ni 17,000." Hunichoma kidogo. Kisha natazama, naona ni kweli, nasahihisha. Kuhesabu kwetu huchukua saa nzima zaidi ya zamani, na wapo wanaonung'unika kwamba chakula kinapoa nyumbani. Yule mama mjane hanung'uniki. Yeye huketi mbele kabisa, na jina lake linaposomwa huitika kwa sauti.

Na wewe baba, na wewe mama, haya yaingie na nyumbani. Watoto wetu wanayaona mapungufu yetu siku nyingi kabla hatujayakiri. Baba anayesema, "Mwanangu, jana nilikugombeza bure, nilikosa," hapunguzi ubaba wake hata kidogo. Anamfundisha mtoto kwamba mtu anaweza kukosa na bado akasimama. Mtoto ambaye hajapata kusikia neno hilo nyumbani atalitoa wapi siku atakapokuwa mkubwa na kupewa ufunguo wa sanduku?

Sasa turudi kwa mama yetu wa kamati ya maji. Nilipomaliza habari yangu alikaa kimya, akichezea pindo la kanga. Kisha akasema, "Basi usiandike kwamba siwezi. Tena usiandike kitu. Nitakwenda kusema mwenyewe."

Na kweli alikwenda. Siku ya mkutano alisimama akawaambia watu, "Kusoma kwangu ni kwa shida. Nikubali kazi hii kwa sharti moja: sitatia sahihi yangu katika karatasi yoyote kabla haijasomwa kwa sauti, neno kwa neno, mbele yenu wote." Vijana wawili waliokaa nyuma wakacheka. Wazee hawakucheka. Sharti likakubaliwa.

Mnajua ilivyokuwa zamani? Hesabu za maji zilibandikwa ukutani, na wasiojua kusoma wakazipita kama wanavyopita ukuta. Katika mkutano wa pili wa mama huyu, katibu alisoma matumizi yote kwa sauti. Katikati ya kusoma, babu mmoja ambaye sijapata kumwona akishika kitabu akainua fimbo yake, akauliza, "Hicho kipuri cha pampu mbona nimekisikia mara mbili?" Wakatazama. Kweli, kimeandikwa mara mbili, shilingi 18,000. Halikuwa la wizi. Ni kalamu iliyoteleza. Likasahihishwa pale pale, na katibu mwenyewe akamshukuru babu.

Msomaji, jiulize: mwenyekiti anayesoma upesi angetia sahihi yake mezani, peke yake, na nani angejua? Kwa kuwa mama huyu husoma kwa shida, kijiji kizima sasa kinasikia hesabu zake.

Hivyo basi, ukichaguliwa kesho, nawe wajua lipo jambo usiloliweza, usikimbilie kwa karani kuandikiwa barua ya kukataa. Wala usikubali kwa kulificha, kama nilivyofanya mimi. Nenda ukalitaje, uombe mlinzi, kisha ufanye kazi.

Mpaka juma lijalo, kaeni salama.